Tundu Dogo la Bomba la Dawa
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa gengi la reli katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya bomba la kupulizia dawa ya magugu, nami nitasema juu ya kile kitu kidogo chenye tundu kilichoko mwisho wa fimbo yake, yaani nozeli. Wengi wenu hamjaitazama hata siku moja. Mimi pia sikuitazama, mpaka nilipokatwa mshahara kwa ajili yake.

Gengi letu lilipelekwa kuua ndago na majani kando ya reli. Dawa ilikuwa glaifoseti, ambayo huingia kwa majani mabichi ikashuka mpaka mizizini. Tuliichanganya kama karatasi ya mkebe ilivyosema. Baada ya wiki tatu magugu yalikuwa yamesimama kama askari, lakini maharagwe ya mama mmoja, hatua 20 kutoka relini, yamekauka. Mama akalia. Nyapara akasema sisi ni wavivu, tena dawa tumeiuza. Watu watatu tukakatwa pesa.

Kumbe bomba lile lilikuwa na nozeli ya duara, ile ya kupulizia wadudu shambani. Hutoa ukungu mwembamba unaozunguka, nao ni mzuri kwa kufika chini ya majani anakojificha mdudu. Lakini kando ya reli penye upepo ukungu ule haushuki. Fikirini: tone moja ukiligawa liwe matone yenye upana wa nusu, utapata matone 8, na kila moja uzito wake ni sehemu moja ya nane. Upepo huyachukua kama vumbi, na mengine tunayavuta sisi wenyewe puani.

Kwa kazi yetu yafaa nozeli bapa, inayotandaza dawa kama upepeo wa kuchochea makaa, yenye matone makubwa kidogo. Glaifoseti haitaki kufunika jani lote, kwani hutembea yenyewe ndani ya mmea. Iko dawa nyingine inayounguza pale inapogusa tu. Hiyo yataka matone ya kadiri, tena mengi, jani lienee. Basi mtu akikuambia nozeli ni nozeli tu, hajui kazi.

Nozeli nyingi za siku hizi zina rangi ya kipimo. Ya manjano hutoa lita 0.8 kwa dakika, nyekundu lita 1.6, zote kwa nguvu ya bar 3. Ukifunga nyekundu mahali pa manjano na mwendo wako ni ule ule, umemwaga dawa mara mbili. Wala kusukuma sana mkono wa bomba si dawa: ili itoke mara mbili kwa tundu lile lile, nguvu lazima iwe mara nne, na matone huzidi kuwa ukungu. Mimi siku ile nilisukuma kama mtu anayezima moto!

Tundu likiziba msitie waya, maana litapanuka. Wala msipulize kwa mdomo, kama nilivyowaona wazee wetu wengine. Tumieni brashi laini na maji. Pimeni kwa chupa na saa. Ikizidi kipimo cha nozeli mpya kwa sehemu moja ya kumi, itupwe.

Naomba Kamati idai nozeli za kazi hii pamoja na glavu na buti, na pesa za watu watatu zirudishwe. Mama yule naye hajalipwa.

Hapo nje nimeweka bomba lenye maji matupu na nozeli tatu. Sementi ni kavu. Twendeni tukaone kila moja inavyoandika.