Kifafa Kinachozuilika

Sayansi ya ubongo si mambo ya ughaibuni tu. Profesa Andrea Winkler, daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, alifanya sehemu muhimu ya utafiti wake hapa mkoani Manyara, Tanzania, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu. Akishirikiana na Profesa William Matuja wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, alichunguza chanzo cha kifafa.

Picha za ubongo za baadhi ya wagonjwa zilionyesha vifuko vya lava wa tegu wa nguruwe. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huyo. Hata asiyekula nguruwe huweza kuyameza kupitia mikono michafu, maji au mboga, kisha lava wakafika ubongoni na kusababisha kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu, takribani asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Basi kifafa si laana. Wananchi wa Mogitu hapa Manyara, tutumie vyoo, tufungie nguruwe bandani, tupike nyama iive, tunawe mikono. Na mgonjwa apelekwe hospitali, asifichwe.