Mfugo ni Mwenzi wa Mgonjwa
(Maelezo kwa wahitimu wa kisomo, Baleni, Mafia)

Leo tunazungumza habari ya mifugo. Lakini si habari ya maziwa wala bei ya nyama. Tunataka kueleza jinsi mnyama anavyomsaidia mtu mwenye ugonjwa au majonzi.

Wenzetu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, walikaa katika vita karibu miaka 20, mpaka 2006. Vita vilikwisha, lakini watu wengi walibaki na hofu moyoni. Hawalali, wanashtuka ovyo, hawataki kuzungumza na mtu. Ndugu Francis Okello Oloya, aliyepofushwa na bomu akiwa na miaka 12, alianzisha mpango wa kuwapa watu hao mbwa waliokuwa wakizurura. Mtu anafundishwa kumlisha mbwa wake, kumwogesha na kutembea naye. Hata kama moyo mzito, inabidi aamke, maana mbwa ana njaa.

Mtasema, "Mbwa ndani ya nyumba, hapa Baleni? Hapana!" Sawa, hatulazimishani. Paka tunao, kuku tunao, mbuzi na ng'ombe pia. Kule York, Uingereza, nyumba ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1796 iliwawekea wagonjwa kuku na sungura uani. Enzi hizo kwingine walikuwa wakifungwa minyororo!

Sasa tuseme kweli. Mzee akifiwa na mkewe, sisi watoto tunafanyaje? Tunamwambia, "Baba, pumzika sasa." Kisha tunawauza mbuzi wake. Tunadhani tumempunguzia kazi, kumbe tumemwondolea sababu ya kutoka nje asubuhi. Hata jirani wa kumwuliza, "Mbuzi hawajambo?" hapati tena. Basi tumwachie mbuzi wake, hata mmoja. Kazi ya kuwahamisha malishoni ikimshinda, mjukuu amsaidie.

Lakini mnyama hachukui nafasi ya dawa. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake, na anayekosa usingizi siku nyingi apelekwe hospitali Kilindoni. Ukishamshika mnyama, nawa kwa sabuni. Paka naye achanjwe kichaa cha mbwa, maana humpata. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye wazee nyumbani, kabla ya kuuza chochote, mwulizeni mzee mwenyewe anataka abakiwe na mnyama gani.