Tutengeneze au Tununue Kipya?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Pangani

  

Leo tutatumia hesabu za kuzidisha na kugawanya, ambazo mmekwisha kujifunza, katika jambo la nyumbani. Jambo lenyewe ni hili: kifaa cha umeme kikiharibika, je, tukipeleke kwa fundi, au tukiache tununue kipya? Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu awe karibu na ubao.

Sisi watu wa Pangani tuna sababu ya kulijua jambo hili. Upepo wa baharini una chumvi, na chumvi hula chuma. Friji, feni na pasi hushika kutu upesi hapa kuliko kule bara. Tena wako miongoni mwetu wanaoishi kwa friji: wauza barafu, wauza samaki, wauza maji baridi na juisi ya ukwaju. Friji la mtu huyo likilala, biashara yake nayo imelala.

Kwanza, tujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Vitu vingine huonekana vimekufa, kumbe ni vizima. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya kurushia televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Televisheni nyingi za kizamani zikaacha kuonyesha picha. Je, zilikuwa mbovu? Hapana. Zilihitaji king'amuzi tu. Mtu aliyenunua televisheni mpya kwa sababu hiyo peke yake alilipa fedha nyingi kuliko ilivyompasa.

Ndivyo ilivyo kwa vifaa vingine. Feni inayovuma bila kuzunguka, mara nyingi imeharibika kidude kidogo kiitwacho kapasita, nacho si cha bei kubwa. Friji lisilopoza vizuri huenda limelegea mpira wa mlango. Jipime mwenyewe: fungia karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa hata kidogo, mpira haubani na baridi inatoka nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tusikilize mfano. Mama mmoja muuza barafu amemwita fundi.

"Fundi, friji hili lina nini tena?"

"Limeishiwa gesi, mama. Nitakujazia kwa shilingi 50,000."

"Si ulijaza miezi miwili iliyopita?"

"Ndiyo, mama. Imekwisha tena."

Ndugu wanafunzi, hapa tusimame. Gesi ya friji si kama mafuta ya taa katika koroboi, ambayo huwaka yakaisha. Gesi ya friji huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inakwenda na kurudi, miaka mingi. Ikipungua, maana yake mahali fulani pana tundu. Fundi akijaza gesi bila kuziba tundu, ni kama kutia maji katika ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo swali la kumwuliza ni hili: "Tundu liko wapi, na kuliziba ni kiasi gani?"

Tuseme fundi anajibu: kutafuta tundu, kuliziba na kujaza gesi ni shilingi 120,000, na friji litadumu miezi 24. Tuseme tena friji jipya dukani ni shilingi 720,000, na litadumu miaka 8, yaani miezi 96. Hizi ni bei za mfano tu. Nyinyi mtatumia bei za huko mliko. Mwalimu aandike ubaoni:

Kujaza gesi tu: 50,000 ÷ 2 = shilingi 25,000 kwa mwezi.
Kuziba tundu: 120,000 ÷ 24 = shilingi 5,000 kwa mwezi.
Friji jipya: 720,000 ÷ 96 = shilingi 7,500 kwa mwezi.

Mnaona? Ile iliyoonekana rahisi, shilingi 50,000, ndiyo ghali kuliko zote. Basi shikeni kanuni hii: usiulize tu, "Fundi anataka shilingi ngapi?" Uliza pia, "Nitapata miezi mingapi?" Kisha gawanya.

Lakini hesabu haijaisha. Friji hula umeme usiku na mchana. Mto wetu huu ndio uliozungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na mitambo mipya ya Maporomoko ya Pangani, iliyoanza mwaka 1995. Hata hivyo, kuwa jirani wa mto hakutupunguzii bei ya yuniti! Yuniti moja ni umeme wa wati 1000 kwa saa moja. Feni ya wati 50 itatumia yuniti moja kwa saa 20. Pasi ya wati 1000, ikiwaka mfululizo, itaimaliza yuniti hiyo kwa saa moja.

Friji lako linatumia yuniti ngapi? Chagua siku moja. Zima vitu vingine vyote, uache friji peke yake. Soma LUKU asubuhi, uandike. Soma tena kesho yake saa ile ile. Toa namba ndogo katika namba kubwa. Hiyo ndiyo chakula ya friji kwa siku moja. Ukitaka kujua bei ya yuniti, chukua risiti ya LUKU, ugawanye fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopewa. Kwa friji jipya, tazama kibandiko chake. Kama kinataja kilowati-saa kwa mwaka, gawanya kwa 365. Kilowati-saa moja ni yuniti moja.

Tuseme friji la zamani linatumia yuniti 2 kwa siku, na jipya yuniti 1. Tuseme yuniti ni shilingi 350. Kwa siku 30, la zamani litakula yuniti 60, yaani shilingi 21,000. Jipya litakula yuniti 30, yaani shilingi 10,500. Sasa jumlisha na hesabu ya kwanza:

La zamani lililozibwa: 5,000 + 21,000 = shilingi 26,000 kwa mwezi.
Jipya: 7,500 + 10,500 = shilingi 18,000 kwa mwezi.

Hesabu imegeuka! Mwanzoni kuziba tundu kulikuwa nafuu kuliko kununua. Tulipotia umeme, jipya limekuwa nafuu kwa shilingi 8,000 kila mwezi. Ndiyo maana nasema tupime kwanza. Kama la zamani lingekula yuniti 1 tu kwa siku, hesabu isingegeuka.

Najua mama yule atasema, "Mwalimu, nitazitoa wapi shilingi 720,000 leo?" Ni haki yake kusema hivyo. Basi na azibe tundu kwa 120,000. Kwa kufanya hivyo amenunua miezi 24 ya kujiandaa. Gawanya 720,000 kwa 24: ni shilingi 30,000 kwa mwezi, za kuweka akiba au kucheza upatu. Asilolazimika kulifanya ni kumlipa fundi 50,000 kila baada ya miezi miwili na kubaki na ndoo ile ile iliyotoboka.

Tena atasema, "Nimekwisha kulitolea friji hili fedha nyingi, siwezi kuliacha." Ndugu zangu, maji yakimwagika hayazoleki. Fedha iliyokwisha kulipwa haimo katika hesabu ya leo. Tunahesabu fedha itakayotoka na miezi itakayokuja.

Ukikubaliana na fundi, kumbuka mambo manne. Kwanza, akutajie bei kabla hajafungua kitu. Pili, akuonyeshe kipande kibovu alichokitoa. Tatu, akuandikie karatasi yenye tarehe, kazi aliyoifanya, fedha aliyopokea, na siku ambazo atarudia kazi bure ikiharibika. Wewe sasa unajua kusoma; isome mbele yake. Nne, tazama kibandiko cha nyuma ya friji. Kama kimeandikwa R600a, gesi hiyo huwaka moto. Mtafute fundi anayeijua, na moto usikaribie.

Na kama kifaa kinapelekwa Tanga mjini, kilometa 50 hivi, nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya gharama. Mtu wa Bweni anayevuka kwa kivuko aongeze na nauli yake.

Sasa hesabu ya darasa. Pasi imeharibika. Fundi anataka shilingi 12,000, nayo itadumu miezi 6. Pasi mpya ni shilingi 36,000, itadumu miezi 36. Ipi ni nafuu kwa mwezi, na kwa kiasi gani?

Na haya ni maswali ya kujadiliana:

1. Nyumbani kwako kuna kifaa kilichotengenezwa zaidi ya mara moja? Jumla umelipa kiasi gani, nacho kilikufaa miezi mingapi?
2. Kwa nini kutu huzidi karibu na bahari, na tunaweza kuweka wapi vifaa vyetu ili visipigwe na upepo wa chumvi?
3. Mtu asiye na fedha za kununua kipya afanye nini?

Kila mmoja apime friji au kifaa kingine cha nyumbani kwake kwa LUKU, alete namba zake darasani. Asiye na umeme amsaidie jirani kupima. Kwa herini.