Mashine Ikigoma: Mashauri kwa Makatibu Wanaoanza Kutumia Linux

Hotuba ya Karani wa Mitambo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya kilo na bei, juu ya ghala jipya na deni lililokwisha kulipwa. Mimi nimeombwa kunena juu ya kitu kidogo kilicho juu ya meza ya katibu, yaani kompyuta. Labda mkulima aliyeketi kule nyuma atauliza, "Hayo yanihusu nini mimi mtu wa jembe?" Namjibu mapema: kilo zako za kahawa zimo humo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku hizi daftari letu ni mashine ile.

Wengi wenu mwakumbuka jinsi tulivyoingia katika Linux. Kompyuta zetu za kwanza zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, nazo zilikuwa na Windows 7. Mnamo Januari 2020 utunzaji wa kawaida wa Windows 7 ulikoma, na mashine zetu hazikuwa na nguvu ya kuchukua mfumo mpya zaidi. Tulikuwa na njia mbili: kununua mashine mpya kwa fedha za wakulima, au kutafuta mfumo mwingine utakaokubaliana na zile tulizonazo. Tukachagua Linux Mint, ambayo haina ada.

Asili ya Linux yafaa kujulikana na wanaushirika. Mwaka 1991 kijana wa Finland aitwaye Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, alitangaza ya kuwa anatengeneza kiini cha mfumo wa kompyuta, akawaomba wengine maoni. Watu wa nchi nyingi wakatia mikono yao, kila mmoja akirekebisha sehemu aliyoiweza na kuirudisha kwa wote. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, akaanzisha Ubuntu, jina ambalo kwa Kiswahili chetu ni utu; na Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, imejengwa juu ya msingi huo. Hivyo ndivyo kinga na kinga zilivyowasha moto huu.

Lakini kitu cha wengi kina taabu yake: kikiharibika, hakuna duka la kukirudishia. Hapana budi sisi wenyewe tujue kukitazama.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kushauri wengine yanipasa kuungama kosa langu. Katika msimu wetu wa kwanza wa kutumia Linux, katibu mmoja alinipigia simu siku tatu kabla ya malipo ya pili. Alisema ya kuwa mashine yapokea neno lake la siri, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inamrudisha pale pale pa kuandika neno la siri. Nilifika na haraka zangu. Sikuuliza kilichotangulia, wala sikutazama ndani. Nikaamua kwamba mfumo umeharibika, nikaufuta wote na kuupanga upya. Baada ya saa mbili mashine ikawaka vizuri, na watu wakanisifu. Ndipo katibu akauliza kwa sauti ya chini, "Na hesabu za msimu ziko wapi?"

Nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki tano nyuma. Kilo za wiki tano nilizifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Wakulima walitakiwa walete stakabadhi zao za karatasi. Wengi walikuwa nazo. Lakini palikuwa na mama mmoja mjane ambaye stakabadhi zake zililiwa na mchwa. Halmashauri ya chama ilikaa mpaka usiku, ikasikiliza ushahidi wa mpima mizani na wa majirani, kisha akalipwa, ila pungufu ya kiasi alichodai. Hata leo sijui kama tulimtendea haki. Mama huyo nikikutana naye njiani hunisalimu kwa wema, na salamu yake hunilemea kuliko lawama.

Msimu uliofuata chama kingine kilinipigia simu kwa ugonjwa ule ule. Safari hii sikufuta kitu. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ukafunguka ukurasa mweusi wa maandishi matupu. Nikaandika jina la katibu na neno lake la siri, nikaingia. Kisha nikaandika amri hii fupi: df -h. Amri hiyo haibadilishi kitu. Husema tu kila diski imejaa kiasi gani. Jibu likawa asilimia mia moja. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na mfumo ukikosa nafasi ya kuandika hata mstari mmoja hauwezi kufungua meza ya kazi. Na kilichoijaza ni nini? Filamu za mpwa wa katibu, ambazo katibu alidhani amezitupa. Alizitupa kweli, lakini zilikaa ndani ya pipa la taka. Kitu kilicho katika pipa la taka bado kinakula nafasi mpaka pipa limwagwe. Tulizifuta, tukawasha mashine upya, na kazi ikaendelea. Hatukutumia hata nusu saa.

Naamini ya kuwa mashine ile ya kwanza nayo ilikuwa imejaa tu. Siwezi kuthibitisha, kwa sababu niliufuta ushahidi pamoja na hesabu.

Kutokana na hayo nawapeni kanuni nne, nazo ni za kushikwa kabla ya kugusa kibodi.

Kwanza, soma skrini inasema nini, ukaandike maneno hayo neno kwa neno katika daftari, hata kama ni ya Kiingereza usichokijua. Maneno "No space left on device" maana yake nafasi imekwisha. Mwenye kuyanakili amekwisha fanya nusu ya kazi ya fundi. Pili, jiulize nini kilibadilika tangu mashine ilipofanya kazi mara ya mwisho: je, umeme ulikatika, programu mpya ziliingia, au mtu mwingine aliitumia? Tatu, badili jambo moja tu kwa mara moja, kisha jaribu; ukibadili matano kwa pamoja hutajua lipi limeponya na lipi limeharibu. Nne, usifute chochote kabla ya kunakili hesabu mahali pengine.

Sasa nitataja matatizo yatupatayo mara nyingi.

Neno la siri linakataliwa. Tazama kama taa ya Caps Lock inawaka, kwa maana Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo, faili iitwayo Malipo na faili iitwayo malipo ni faili mbili, na makatibu wawili wamewahi kugombana bure juu ya jambo hilo. Tena, uandikapo neno la siri katika dirisha la amri, huenda usione herufi wala nyota. Usidhani kibodi imekufa. Andika tu mpaka mwisho, ubonyeze Enter.

Programu mpya zinakataa kuingia, na skrini yasema "Could not get lock". Maana yake ni kwamba programu nyingine imeshika kazi hiyo hiyo, na mara nyingi ni mfumo wenyewe ukijisasisha asubuhi. Dawa yake ni subira. Kuna vijana watakaokuambia ulivunje kufuli hilo. Usikubali, kwa kuwa kulivunja kazi ikiwa katikati kwaweza kuacha programu nusu nusu.

Printa haitoi karatasi. Makatibu wengi hubonyeza tena na tena, na siku printa itakapoamka hutoa orodha ile ile mara kumi na tano. Tazama kwanza waya, umeme na karatasi. Kisha fungua orodha ya kazi za printa. Mara nyingi utaona kazi moja ya zamani imekwama mbele na kuzuia zote, au printa imesimamishwa. Futa kazi iliyokwama, uiruhusu printa iendelee. Orodha hiyo ikikupotea, fungua programu ya kutazamia intaneti, uandike localhost:631, nawe utaikuta humo, hata pasipo intaneti.

Tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, nayo hutunza saa wakati umeme haupo. Ikiisha, mashine husahau tarehe kila inapozimwa. Na tarehe ikiwa ya uongo, kurasa za benki hukataa kufunguka, maana vyeti vyake vya usalama huonekana kwamba muda wake haujaanza. Watu hulaumu mtandao, kumbe kosa ni la betri. Katika mashine nyingi za mezani huwa ni ile iitwayo CR2032, nayo bei yake ni ndogo.

Intaneti imekatika. Uliza kwanza kama simu au mashine nyingine za hapo zinapata mtandao. Zikikosa zote, kosa si la kompyuta yako. Ikiwa ni yako peke yake, tazama kama Wi-Fi imezimwa kwa kitufe. Na ikiwa kifaa cha Wi-Fi hakitambuliwi kabisa, unganisha simu kwa waya wa USB, uiruhusu simu igawe mtandao, upate njia ya kuleta programu inayokosekana.

Mashine haiwaki baada ya kuingizwa programu mpya. Msife moyo. Linux kwa kawaida huhifadhi kiini cha zamani pamoja na kipya. Iwashe upya huku umeshika kitufe cha Shift, au kwa mashine nyingine ukibonyeza Esc, mpaka ije orodha. Chagua "Advanced options", kisha kiini cha nyuma yake. Ikiwaka kwa hicho, mmejua kosa lilipo, na kazi ya siku haikupotea.

Umeme umekatika ghafla, na sasa skrini inaonyesha neno (initramfs) na kungoja. Maana yake mfumo umekuta diski ina maandishi yaliyokatika katikati, nao wataka kibali cha kuirekebisha. Juu ya skrini hutaja jina la sehemu yenyewe, kama vile /dev/sda2. Ikiwa nakala ya wiki ipo, andika fsck -y kisha jina hilo kama lilivyotajwa, uache imalize, halafu uandike reboot. Ikiwa nakala haipo, usiandike neno. Nipigie simu kwanza. Na jambo hili likirudi mara kwa mara pasipo umeme kukatika, diski inakaribia kufa: okoeni hesabu siku hiyo hiyo.

Nawaonya pia juu ya neno sudo. Neno hilo likitangulia amri, laipa mamlaka ya kufanya lolote, hata kufuta mfumo mzima. Kuandika amri ya sudo usiyoielewa, kwa kuwa mtu usiyemjua ameisifu, ni sawa na kutia sahihi hundi tupu. Mweka hazina gani hapa atakubali kufanya hivyo?

La mwisho katika haya ni fleshi ya kunakilia. Mashine ikisema imekwisha kunakili, huenda sehemu ya kazi bado imo katika kumbukumbu yake, haijaandikwa ndani ya fleshi. Ukiichomoa wakati huo, umechukua nakala isiyo kamili. Iambie mashine kwanza ya kuwa wataka kuitoa, ngoja ikuruhusu, ndipo uichomoe. Kisha fungua nakala hiyo katika mashine nyingine uone kama yasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Bwana Mwenyekiti, naomba Halmashauri ikubali mambo mawili. Mosi, kila Ijumaa kila chama cha msingi kifanye nakala mbili za hesabu zake, moja ibaki chamani, nyingine iletwe Chama Kikuu, na mweka hazina atie sahihi ya kuzipokea. Pili, kando ya kila kompyuta pawe na daftari la hitilafu: tarehe, maneno ya skrini, kilichofanywa na matokeo yake. Madaftari hayo yasomwe kwa pamoja katika mkutano wa makatibu wa kila robo mwaka, ili shida iliyompata mmoja isiwe mpya kwa mwingine.

Nanyi wakulima, msiache kuzitunza stakabadhi zenu kwa sababu kuna kompyuta. Ziwekeni mbali na mchwa. Na siku mtakapofika dirishani mkaambiwa mashine imegoma, mna haki ya kuuliza swali moja: "Nakala ya Ijumaa iko wapi?" Katibu aliye tayari atawaonyesha. Asiye nayo aje kwangu kesho asubuhi, nami nitamsaidia kuifanya kabla ya jua kutua.