Mtoto akiwa mahututi, wazazi wasiachwe peke yao

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

Kamati iliniomba niseme juu ya wagonjwa. Mimi si munganga. Ni mtu wa shirika, kazi yangu ni kutembea vijijini na kusindikiza familia lopitali. Leo nasema jambo tunaloliogopa: mzazi afanye nini pale munganga anaposema dawa zimeshindwa?

Wengi wetu tumetoka Lugufu na Nyarugusu. Mnakumbuka, mtoto akizidiwa kambini, madaktari ndio waliamua: huyu abaki, huyu aende Maweni, Kigoma. Gari lilikuwa la shirika, dawa hatukulipa. Tulilia, lakini uamuzi haukuwa mikononi mwetu. Sasa tumerudi kwetu, na uamuzi ni wetu, na deni pia ni letu.

Baba mmoja wa kwetu, jina lake sitalitaja, alikuwa na binti wa miaka saba. Uvimbe tumboni, na ulikuwa umeshapanda hadi kwenye mapafu. Aliandikiwa karatasi ya kwenda Bukavu, lakini hakuna aliyemwambia wazi kwamba ugonjwa umekwenda mbali. Akauza parsele. Kule akaambiwa: kumponya haiwezekani tena. Mtoto mwenyewe akasema, "Baba, turudi kwa mama." Nauli haikuwepo. Na kwenye simu wajomba walikuwa wanasema, "Ukimtoa lopitali, wewe ndiye umemuua." Akabaki. Mtoto akafa kulekule, mama yake hakumwona.

Hapo sanduku letu likatoa fedha, jeneza na gari la kuleta maiti. Yule baba aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Fedha ya kumrudisha ilipatikana alipokuwa maiti. Akiwa hai haikupatikana."

Ndugu zangu, sisemi tukate tamaa haraka. Hapana! Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani anaweza kulala siku mbili bila fahamu, halafu akaamka. Huyo msimtoe kwenye seromu kumpeleka kwenye maombi. Uvimbe wa taya unaoitwa Burkitt unakua haraka sana, lakini ukiwahiwa na dawa zake, watoto wengi wanapona. Mtoto wa anemi SS akilia na mifupa, hajafika mwisho, anahitaji matibabu. Ndiyo maana lazima kuuliza kabla ya kuamua. Maswali ni matatu.

La kwanza: ugonjwa huu unapona, au dawa inaongeza siku tu? La pili: tukienda mbali, kule kuna kitu gani ambacho hapa hakuna, na kitamsaidia huyu mtoto wetu vipi? La tatu: tukibaki, au tukirudi nyumbani, maumivu yake yatatulizwa na nini?

Hilo la tatu tunalisahau. Kuna dawa ya kunywa inaitwa mofini. Imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, hata kwa watoto. Jirani zetu Uganda, tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Kwetu fasi nyingi haifiki. Lakini tusipoiuliza, nani atajua kwamba tunaihitaji? Dawa ya maumivu inatolewa kwa saa zake, msingoje mtoto alie.

Akiwa nyumbani, mgeuzeni mara kwa mara asipate vidonda. Lowesheni midomo yake. Akikataa chakula msimlazimishe, anaweza kupaliwa. Ndugu zake wadogo wakae karibu naye. Na akiuliza, msimdanganye, watoto wanajua mapema kuliko tunavyofikiri.

Sasa, nani anaamua? Mama ndiye analala chini ya kitanda, halafu mjomba ndiye anaamua kwenye simu. Hiyo si haki. Baba na mama waingie pamoja kwa munganga, na mama naye aulize. Na wakishaamua kumrudisha, sisi tufunge midomo. Tusitafute mchawi, tusiseme "wamemwacha." Kuacha sindano isiyosaidia si kumwacha mtoto.

Ninaomba kamati iandike mambo mawili kwenye kanuni zetu. Moja, munganga akithibitisha kwamba mtoto haponi, sehemu ya fedha ya mazishi itolewe akiwa hai: nauli ya kumrudisha, dawa ya maumivu, chakula cha watoto waliobaki nyumbani. Mbili, wanachama wawili, mwanamke na mwanaume, wasindikize wazazi siku ya kuongea na munganga. Mtu akiwa na uchungu hasikii vizuri. Wale wawili watasikia kwa niaba yake.

Najua mtauliza, sanduku si litakwisha? Kweli, mazishi yatabaki palepale. Lakini maseremala tunao humu ndani, jeneza la mtoto wanaweza kulitengeneza kwa bei ya mbao. Na kwenye matanga tupunguze kupika. Sahani ya wali ya mgeni wa kilio, je, ni bora kuliko nauli ya mtoto anayetaka kumwona mama yake?

Swali hilo nawaachia mlijibu kabla ya mkutano kufungwa.