Maji Yakigeuka Kijani, Usiyachote

Msikilizaji, kuna siku maji ya Ghuba ya Winam, pale Kisumu, hugeuka kijani kama yaliyomwagiwa rangi. Huo ni mwani.

Mwani hula fosforasi na nitrojeni. Ziwa Victoria, lenye ghuba hiyo, lina zake: samaki akifa huoza, virutubisho hivyo hurudi majini. Tatizo ni nyongeza. Mvua husomba mbolea na udongo wa mashambani hadi Mto Nyando, nao huvimwaga ziwani. Maji taka ya mjini yamo pia. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua, samaki hukosa pumzi.

Maji ya kijani usiyachote. Baadhi ya mwani hutoa sumu. Kuchemsha huua vijidudu tu. Tunarudia: kuchemsha hakuondoi sumu! Ng'ombe nao wasiyanywe.

Nawe mkulima, usitie mbolea wingu likiwa limetanda: mvua itaisomba. Matete ya ukingoni mwa mto, yaache: huzuia udongo na mbolea.