Mota Ndani ya Gurudumu, na Kazi Yetu

Ndugu wanachama, madereva na mafundi,

Leo twataka kusema juu ya gari za jeshi zisizo na giaboksi wala propela, na nyingine zisizo na dereva. Msidhani ni habari za watu wa mbali tu. Kitu kinachoanza jeshini mara nyingi hufika gereji.

Katika lori la kawaida, nguvu ya injini hupita klachi, giaboksi, propela na difu ndipo ifike gurudumuni. Katika gari hizi, injini huzungusha jenereta tu. Umeme hupita katika nyaya mpaka mota iliyofungwa ndani ya habu ya kila gurudumu. Injini ikizimwa, gari huenda kwa betri bila kelele. Gurudumu moja likivunjwa na bomu, mengine yaweza kuendelea kuvuta. Lakini taabu ziko: mota ni nzito na haibebwi na springi, basi kila shimo huipiga, na matope na joto haviko mbali nayo.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1900 gari ya Ferdinand Porsche yenye mota magurudumuni ilionyeshwa Paris. Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilijaribu treni ya barabarani ya LeTourneau, magurudumu 54, kila moja na mota yake. Mwaka 2006 ikaja Crusher, ya mafundi wa Carnegie Mellon, magurudumu sita, wala haina kiti cha dereva.

Jeshi lasema kumtoa dereva ni kuokoa maisha yake. Hilo hatulipingi. Lakini tajiri wa malori akimtoa dereva, ataokoa nini ila mshahara?

Hapa Nairobi mabasi na pikipiki za umeme zimekwisha kuingia barabarani. Basi tusingoje. Twataka mambo matatu yaandikwe katika mapatano na waajiri. Kwanza, fundi afundishwe umeme kwa gharama ya mwajiri, saa za kazi. Pili, asitumwe mtu kufungua nyaya za mamia ya volti kabla umeme haujakatwa na kupimwa. Tatu, mashine mpya isiletwe kabla ya kushauriana na chama.

Mashine hatuikatai. Twakataa kuikuta mlangoni siku tunapopewa barua ya kufukuzwa.

Umoja ni nguvu.